Sindano Mbili, Uzi Mmoja

*Mume wangu alirithi tandiko bovu la farasi. Mimi nilitaka liuzwe, yeye alitaka lishonwe. Tukaishia kuwa wanafunzi wa mafundi wawili wazee, mmoja Mbeya na mwingine Iringa.*

"Silishoni," Mzee alituambia, huku akilisukuma tandiko letu kwa ncha ya kiatu kama mtu anayeangalia mbwa amelala au amekufa.

Tulikuwa Mwanjelwa, jijini Mbeya, Jumamosi moja ya Juni 2024, baridi ile ya kutoa moshi mdomoni. Mume wangu alikuwa amelibeba begani tangu tuliposhuka kwenye daladala. Zaidi ya kilo 15 za ngozi, mbao na vumbi. Mafundi viatu watatu walishatukatalia. Wa nne ndiye huyu Mzee, na wenzake walisema kama yeye hawezi, basi tukalichome tu.

"Silishoni," alirudia. "Ila kama mna muda, nitawafundisha mlishone wenyewe. Wote wawili. Mmoja peke yake simfundishi."

Mpenzi msomaji, nilifurahi kimoyomoyo. Nikajua hapo mwenzangu atakata tamaa, tutarudi nyumbani na biashara itaisha. Badala yake nikamsikia akiuliza kwa heshima zote, "Tuje saa ngapi, Mzee?"

Nilikuwa na sababu yangu ya kutaka akate tamaa. Sababu hiyo ilikuwa kwenye simu yangu, na nitaieleza muda si mrefu.

Farasi? Mufindi?

Marehemu baba mkwe alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, katika shamba moja wilayani Mufindi, mkoani Iringa. Najua wengi mtashangaa. Sehemu kubwa ya nchi yetu haimfai farasi. Mbung'o humletea nagana, na kuna vijidudu vidogo vya kuruka vinavyoeneza ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoweza kumwangusha mnyama mwenye nguvu kwa siku chache. Lakini Mufindi iko juu, na ile baridi yake inayowafanya wageni walale na makoti huwapunguza wadudu. Ndiyo maana hadi leo unaweza kwenda kule wikiendi na kupanda farasi katikati ya mashamba ya chai.

Farasi wengi wa kule huvikwa tandiko la Kiingereza, jepesi na bapa. La baba mkwe lilikuwa tofauti kabisa. Mwenyewe alisimulia kwamba aliachiwa na Mmarekani mmoja aliyekaa shambani mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha akarudi kwao. Ni lile la kwenye sinema za makauboi. Kiti kimebonyea kama bakuli, pembeni zinaning'inia ngozi pana za kulinda miguu, na mbele kuna pembe.

Nilidhani pembe ni ya kujishikilia ukiogopa. Kumbe la! Wahispania walifika Mexico na farasi mwaka 1519. Wachunga ng'ombe wa huko, walioitwa vaquero, walihitaji mahali pa kufungia kamba wakishamnasa ng'ombe, kwa sababu huwezi kumzuia fahali kwa mikono mitupu. Kwa hiyo tandiko likaota pembe. Watu wa Texas na California wakaiga kwa wachungaji hao, wakaongeza mambo yao. Hiki ni chombo cha kazi, kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu anayeshinda juu ya farasi kutwa nzima.

Ndani ya ngozi zote hizo mna mifupa ya mbao, iliyovikwa ngozi mbichi na kuachwa ikauke hadi ibane kama ngoma. Mafundi wa Marekani huiita mti. Naomba mkumbuke neno hilo, tutalirudia.

Siri ya laki mbili

Tulihamia Mbeya kutoka Dar mwaka 2022 kwa sababu ya kazi ya mume wangu. Mimi niliendelea kuhariri kurasa hizi nikiwa nyumbani, kwa kompyuta na intaneti. Machi 2024 ofisi yao ikapunguza watu, naye akawamo.

Wanawake wenzangu mliopitia hili mnajua. Si pesa tu. Mwanaume anabadilika. Wangu alinyamaza. Asubuhi anaoga, anavaa vizuri, halafu anakaa sebuleni akiangalia ukuta. Ukimuuliza anasema, "Niko poa." Usiku mnalala migongo ikitazamana.

Siku moja ya Aprili akalivuta tandiko kutoka chini ya kitanda, lilikokaa ndani ya gunia tangu tulipomzika baba yake mwaka 2019. Baba na mwana hawakuwa wakiongea kwa miaka mitatu kabla ya msiba. Baba alitaka mwanawe arudi kusimamia shamba dogo la familia, mwana akachagua mji. Wazee wa ukoo walimkabidhi tandiko siku ya kuanua matanga, akalipokea bila neno. Sasa akawa analifuta vumbi kila siku, na mimi nikawa nahesabu ada za watoto wawili na kodi ya nyumba.

Mwezi Mei, kupitia rafiki yangu, nikapata mteja, mwenye kambi ya watalii. Alitaka tandiko hilo la kizamani alitundike kwenye baa yake. Alitaja shilingi 900,000, bovu hivyohivyo lilivyo. Akanitumia laki mbili kwa simu kama malipo ya awali. Nikazipokea. Nikanunua sare za shule, unga na mafuta. Mume wangu sikumwambia.

Sasa mnaelewa kwa nini pale Mwanjelwa niliomba Mungu akate tamaa.

Jumamosi za Mwanjelwa

Mzee alijifunza ngozi kwa mjomba wake tangu kijana. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mkoa wa Mbeya ulipokuwa na mradi mkubwa wa kuwafundisha wakulima kutumia wanyamakazi, yeye alishona hatamu na mikanda ya maksai na punda. Ndiyo maana hakuliogopa tandiko letu. Nyumbani mwenzangu alikuwa akitazama video za mafundi wa Wyoming, pamoja na kazi za marehemu Don King wa mji wa Sheridan, aliyesifika kwa kuchora kwenye ngozi maua madogo yaliyobanana ndani ya miduara. Mzee alipoonyeshwa simu alitazama dakika nzima, akairudisha. "Maua mazuri. Nyie anzeni na tundu."

Wiki mbili tukatoboa matundu tu! Tulitumia msharasi, ile sindano nene yenye mpini wa mbao, kwenye vipande vya ngozi ya soli. Mishono sita kwenye inchi moja, wala si mitano wala saba. Tundu liende kwa mshazari uleule kila mara na litokee upande wa pili palepale lilipotakiwa. Viganja vyangu vilitoka malengelenge. Nyumbani nilishindwa hata kumenya viazi.

Wiki ya tatu tukapewa uzi, tuupake nta ya nyuki mpaka ulie ukivutwa. Urefu wake uwe mara nne ya mshono. Kila ncha inapewa sindano yake. Ngozi inabanwa kwenye jiriwa ya mbao, halafu sindano zote mbili zinapita tundu moja, moja ikitoka kulia na nyingine kushoto, ndipo unakaza pande zote kwa nguvu sawa.

Nikauliza swali la mtu wa mjini, "Mzee, si cherehani ingemaliza kwa saa moja?"

Akachukua mkoba wa mteja ulioshonwa kwa mashine, akakata uzi mmoja, akavuta. Mshono ukafumuka kama zipu. Mashine hutumia nyuzi mbili, wa juu na wa chini, zinazoshikana katikati. Mmoja ukikatika, mwingine hauna kazi. Kisha akachukua mshipi alioushona kwa mkono, akakata uzi wa juu kwa wembe na kuvuta. Haukufumuka. Uzi wa upande wa pili ulikuwa bado umejaza kila tundu.

"Farasi akikimbia, mshono ukifumuka mtu anakufa," alisema. "Ndiyo maana tandiko hushonwa hivi."

Fundi mmoja huweza kushika sindano zote mbili, na ndivyo kazi hii inavyofanywa kwa kawaida. Lakini ngozi za tandiko ni pana na nzito, na sisi tulikuwa wachanga. Mzee akatuketisha tukitazamana, jiriwa katikati, kila mmoja na sindano yake. Hatukuweza kwenda bila kuambizana. "Tayari?" "Bado." "Vuta." "Taratibu basi!" Kwa miezi mitatu mume wangu hakuwa ameniambia maneno mengi kiasi hicho.

Kuna kosa moja ambalo Mzee hakulisamehe. Sindano ya pili ikiingia tunduni inaweza kuuchoma uzi wa mwenzake badala ya kupita kando yake. Ukitazama kwa juu huoni kitu, mshono unapendeza kabisa. Lakini ukifika wakati wa kukaza, uzi hausogei tena, umenaswa.

Nilifanya kosa hilo, nikaliona, nikanyamaza nikaendelea matundu kumi. Mzee akavuta, akanitazama juu ya miwani yake.

"Binti yangu, ulijua?"

"Nilijua, Mzee."

"Ungesema pale pale tungefumua tundu moja. Sasa tunafumua kumi."

Mume wangu alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria laki mbili.

Kutafuta ngozi

Ngozi pana mbili za miguu zilikuwa zimeoza, zilihitaji mpya. Tukanunua kipande kizuri cheusi sokoni, tukakipeleka kwa mbwembwe. Mzee akakikata ukingoni na kutuonyesha. Katikati kilikuwa na rangi ya kijivu na buluu. "Hii imelainishwa kwa kemikali ya kromi. Nzuri kwa mkoba. Tandiko linataka ngozi ya magome."

Ndipo nikajifunza jambo la kunitia fahari. Sehemu kubwa ya ngozi duniani hutengenezwa kwa kromi, kwa sababu ni haraka. Inayotengenezwa kwa magome ya miti huchukua wiki nyingi, lakini huwa ngumu na imara. Ukiilowesha inakubali umbo unalotaka, ikikauka inalishika. Na magome hayo tunayo! Pale Njombe, ukikata kona ya Makambako unapotoka Mbeya kwenda Iringa, kuna mashamba ya miwati ya kampuni ya TANWAT, iliyoanzishwa mwaka 1949. Mti huo asili yake ni Australia, na dawa inayokamuliwa kwenye magome yake ndiyo hulainishia ngozi. Njia hiyo nilishaipita mara nyingi bila kujua ile miti ni ya nini.

Tulipata ngozi ya miwati kwa msindikaji mdogo, unene wa milimita 5. Tulikataa vipande vitatu. Kimoja kilikuwa na alama ya chuma cha moto katikati ya mgongo, viwili vilikatwakatwa na kisu cha mchinjaji. Nchi yetu ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, lakini ngozi nyingi huharibikia mgongoni mwa ng'ombe na machinjioni kabla fundi hajaziona.

Kamwene, Iringa

Mwezi Septemba Mzee alituambia amefika mwisho wa anachojua. Kushona tunaweza, lakini kiti na mgongo wa farasi vinataka mtu wa farasi. Mume wangu akamkumbuka mzee mmoja wa Kihesa, Iringa mjini, aliyefanya kazi na baba yake. Tukapanda basi, tandiko likiwa kwenye buti.

"Kamwene," alitupokea kwa salamu ya Kihehe. Akamshika mume wangu kichwa kwa mikono miwili. "Una sura ya baba yako, mwanangu. Na ukaidi wake pia, nimesikia."

Kabla ya chai akaanza na mti. Alilisimamisha tandiko, pembe ikiwa chini, akakandamiza kwa nguvu mgongo wa kiti huku ametega sikio. "Mti ukivunjika utasikia unalia, na tandiko litajikunja. Hapo hata mkishona kwa dhahabu, mnashona maiti. Litamchoma farasi mgongo." Akakandamiza mara ya pili, ya tatu. Nilishika pumzi. Tandiko halikulia.

"Mzima," alisema. "Ngozi tu ndiyo imechoka."

Alitufundisha kuilowesha ngozi ya kiti, kuifunga kwenye plastiki usiku kucha ili maji yasambae sawa, na asubuhi kuikandamiza juu ya mti kwa kipande cha mbao laini mpaka ichukue umbo la bakuli. Alitufundisha kuigeuza ngozi ya vikuku ikiwa bado na unyevu, halafu kupitisha mpini wa ufagio kwenye vikuku vyote viwili ili vikauke vimeelekea mbele. Usipofanya hivyo, mpandaji anaumia magoti. Chini yake tulishona ngozi ya kondoo yenye manyoya.

Tulipoifunua ngozi ya kiti ya zamani tulikuta mshono wa ajabu. Umeenda upogo, kwa uzi wa kuvulia samaki.

"Huo ni wa baba yako," babu alisema. "Alishona peke yake. Siku hizo mimi na yeye tulikuwa tumenuniana, sikumsaidia. Sasa kila nikiuona naona aibu."

Mume wangu aliupitisha kidole kwa muda mrefu. Ulikuwa mbaya, lakini haukuwa umeachia hata tundu moja. Hakuukata. Tulipitisha wetu kandokando yake.

Jioni ile mteja wangu akanitumia ujumbe, "Dada, mzigo lini?" Tulikuwa tumepanda Gangilonga, lile jiwe kubwa lililo juu ya mji, ambalo jina lake kwa Kihehe humaanisha jiwe linaloongea. Wapenzi wengi hupanda pale kutazama jua likizama. Nikampa mume wangu simu asome mwenyewe.

Alisoma. Alisoma tena. Nilitegemea apige kelele, lakini alisema kwa sauti ya chini, "Tatizo si laki mbili. Tatizo miezi yote hii ulikuwa unashona na mimi huku unajua."

Sikuwa na utetezi. Nilimwambia niliogopa njaa, na niliogopa ukimya wake zaidi ya njaa. Akasema na yeye alikuwa akiogopa, ila hakujua pa kuanzia kusema. Kisha akaninunia siku mbili, haki yake. Siku ya tatu ilibidi tushone, na kule hushoni bila kusema "tayari". Akasema "tayari". Nikasema "vuta".

Leo

Novemba 2024 tulilipeleka Mufindi. Babu wa Kihesa alilitandika mwenyewe juu ya farasi jike mzee mpole, akapitisha vidole chini ya upinde wa mbele. Vikaingia vitatu, nafasi inayotakiwa ili tandiko lisiguse nundu ya mgongo. Akakaza mshipi wa tumbo. Mume wangu, ambaye hakuwahi kukubali baba yake amfundishe kupanda, alizunguka uwanja mara moja kwa mwendo wa kobe, analia na kucheka.

Laki mbili tulizirudisha kwa awamu mbili. Mteja alikasirika, na alikuwa na haki. Mwaka uliofuata mwenzangu alipata kazi ya mkataba, si kubwa kama ile ya kwanza. Wikiendi anashona mikanda na mikoba kwenye benchi la Mzee pale Mwanjelwa. Hatujatajirika. Kuna mwezi tunabana kweli. Lakini sasa nikimuuliza "uko poa?" ananijibu kwa sentensi zaidi ya moja, na mimi simu yangu naiacha mezani imefunguliwa.

Na wewe msomaji, huenda kwenu hakuna tandiko chini ya kitanda. Lakini kama kuna uzi uliouchoma na unajua, mwambie mwenzio leo mfumue tundu moja, kabla hayajawa kumi.

MKITAKA KUJIFUNZA PAMOJA

• Anzeni kidogo. Mkanda au kava la simu linatosha kujifunza mshono wa sindano mbili. Tandiko lisubiri.

• Mtafuteni fundi viatu mzee wa mtaani kwenu, mlipeni muda wake. Msiende na maswali ya bei ya kiatu halafu mkageuka wanafunzi wa bure.

• Kateni ukingo wa ngozi kabla ya kununua. Ya magome huwa na rangi ya hudhurungi hadi ndani. Ya kromi mara nyingi huonyesha kijivu au buluu katikati.

• Kwa anayetaka kusoma zaidi, juzuu 3 za kamusi elezo ya utengenezaji wa matandiko ya Al na Ann Stohlman ndizo mafundi wengi duniani hurejea. Kwa anayetaka cheti, kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) inafundisha teknolojia ya ngozi.

• Ukikosea, sema papo hapo. Kwenye ngozi na nyumbani pia.